Waliokwenda Kuposa Ruhusa

Asella,
Jumatano ya Juma la Mateso

Kwa mama yangu mpenzi, Emaye Ayelech,

Salamu ninazokuletea ni nyingi kuliko shayiri iliyomo ghalani mwako, na kama mwaka huu ghala halikujaa, basi ni nyingi kuliko miba ya ua wako. U hali gani, mama? Goti la kushoto linasemaje na baridi ya Menz? Yule kondoo mwenye sikio moja ameshazaa, au bado anatuzungusha? Mimi mwanao Zenebech ni mzima. Ukiondoa hamu ya kukuona, sina ugonjwa. Nakula, nalala, na mfungo nimeushika kama ulivyonifundisha, ingawa kujinyima maziwa huku umezungukwa na maziwa kutwa nzima ni mtihani ambao nadhani hata watawa hawajapewa.

Kabla sijaenda mbali, nimemwagiza anayekusomea barua hii asome polepole, asiruke mstari, wala asiongeze neno lake. Merigeta namheshimu, ni msomi wa kanisa na ndiye msomaji wako wa siku zote, lakini barua yangu ya Krismasi aliitia chumvi mpaka kijiji kizima kikaamini nimechumbiwa na mhandisi. Mimi niliandika tu kwamba mhandisi alikuja kutengeneza jenereta. Alitengeneza, akalipwa, akaenda zake.

Ujumbe wako uliompa dereva wa basi ulinifika. Aliniambia kwamba Fasika iliyopita, Pasaka yetu, ulitandaza majani mabichi sakafuni, ukapika kuku wa doro wat, ukaketi mlangoni kunitazamia mpaka jua likawa utosini, kisha chungu kizima ukawagawia majirani bila wewe kuonja. Na aliniambia kwamba mwaka huu umeapa kwa Mtakatifu Mikaeli, mbele ya watu, kuwa hutafungua mfungo mpaka mimi niwe nimeketi kwenye kigoda cha marehemu baba. Niliposikia hivyo nilikaa chini. Nakujua, Emaye. Wewe ukiapa, hata Mikaeli mwenyewe hukaa sawa.

Najua pia yasemwayo kisimani: kwamba nina mume wa siri, au nimebadili kanisa. Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa na la kujitetea. Kilichonizuia kuja nyumbani kwako ni kitufe kimoja cha kompyuta, na leo nataka nikueleze habari yake yote, maana imekwisha, na imekwisha vizuri.

Kila alfajiri malori ya muungano wetu wa ushirika hutoka kukusanya maziwa ya wafugaji. Kabla hayajatoka, kila dereva lazima apate mpango wake: pita vituo hivi, haya peleka mjini, yale peleka kwenye kiwanda cha siagi. Mpango huo unatoka katika ghala la taarifa lililomo ndani ya mashine, ambamo kila mfugaji na ng'ombe wake wameandikwa. Siku za kawaida ukikosea kidogo si neno. Lakini wakati wa mfungo Wakristo hawagusi maziwa, na ukiyapeleka yote mjini yanachachia milangoni mwa wauzaji. Halafu inakuja Fasika, na watu waliojizuia siku hamsini na tano wanaamka wote kwa pamoja wanataka maziwa, siagi na jibini. Mpango wa alfajiri hiyo ukikosekana, kina mama wa Bekoji na Sagure wanabaki barabarani na ndoo zilizojaa, na hakuna lori.

Huo mpango niliuandika mimi. Najisifu, kwa nini nisijisifu? Kabla yangu madereva walikuwa wakigawana njia kwa kupigiana kelele. Ila kuna jambo moja sikuruhusiwa: kuiambia mashine iuamshe mpango wenyewe kila alfajiri, bila mtu. Wewe unaelewa mambo ya kanisa, kwa hiyo nikwambie hivi: mimi ni kama mwimbaji. Naruhusiwa kuimba, kupiga ngoma na kushika fimbo ya sala, lakini patakatifu siingii. Kila nilipojaribu kuandika ratiba, mashine ilinijibu neno lile lile, kwamba sina mamlaka ya kutosha. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani Debre Berhan!

Basi ikabidi nijiamshe mimi badala ya mashine. Kila alfajiri, mvua au baridi, nikavaa shali yangu nikaenda ofisini kubonyeza kitufe. Jumapili, Krismasi, Fasika, nipo. Mwenye kutoa ruhusa alikuwa Gashe Zeleke, msimamizi mkuu wa mitambo, anayekaa makao makuu kule Adama. Nilimwandikia kwa adabu zote. Akajibu kwamba funguo za nyumba hazigawiwi kama kolo, shayiri ya kukaanga, msibani. Nikamwandikia kuwa sitaki funguo za nyumba, nataka ufunguo wa jiko langu mwenyewe, niwashe moto wangu tu. Akajibu, "Mtoto, leo unataka kuwasha jiko, kesho utaunguza mtaa." Nilipompigia simu akaniambia yuko kwenye kikao. Huyu mtu, Emaye, alikuwa kwenye kikao hata siku za sikukuu.

Meneja wetu wa tawi, Weizero Yeshimebet, ana huruma lakini hana subira. Alinishauri niazime neno la siri la mtu wa Adama mwenye ruhusa kubwa, akasema, "Kwani nani atajua? Kila mtu anafanya." Nilikataa. Kazi ikiharibika kwa jina la kuazima, atakayelia ni mwenye jina, ambaye hakuwepo. Ndipo mlinzi wetu, Obbo Gemechu, akajitolea kunibonyezea ili walau nikapumzike siku moja. Nilimfundisha vizuri. Alfajiri hiyo akabonyeza, akaona kimya, akabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu abishaye mlango wa kiziwi. Mashine ikatoa mipango miwili inayogombana. Malori mawili yakakutana Sagure yakitazamana, na Bekoji halikwenda hata moja. Mama mmoja wa huko alikuja ofisini kesho yake na ndoo ya maziwa yaliyoganda, akaiweka juu ya meza yangu. Tangu hapo sikumwachia mtu kitufe. Fasika ile uliyoketi mlangoni, mimi nilikuwa nimeketi mbele ya kitufe, nikilia kwa sababu yako, na nikikasirika kwa sababu yako pia, maana nilijua unaningoja.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyogeuka. Dereva wetu mkubwa, Haji Kedir, mtu wa Arsi mwenye ndevu nyeupe na maneno machache, alinikuta nimeinamisha kichwa baada ya ujumbe wako kufika. Akaniuliza nimeomba hiyo ruhusa kwa njia gani. Nikamwambia kwa barua. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, "Binti, kwa barua? Kitu kikubwa namna hiyo? Binti wa watu unamwombaje wewe, kwa barua? Unatuma wazee!" Nikadhani ni mzaha. Kumbe mwenzangu ameshaamua. Jioni alikuwa amewapata wengine wawili: Obbo Gemechu, ambaye bado alikuwa anaona haya kwa kosa lake la Sagure, na Mwalimu Asrat mwenye nyumba ninayopanga, mstaafu anayejua kuongea mpaka kuku wanasinzia.

Jumapili iliyofuata wakavaa mashuka meupe, wakashika fimbo zao, tukashuka Adama katika lori la maziwa. Mimi nilibaki ndani ya lori, nyuma ya kona, maana wazee wakienda kuomba, anayeombewa haonekani. Niliyoyasikia ni kwa kinywa cha Haji Kedir, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Gashe Zeleke alipofungua mlango akawaona wazee watatu wa mashuka meupe wamejipanga, fimbo mikononi, aliduwaa. Emaye, ana binti wa kuolewa, anaitwa Meklit! Mkewe aliwatupia jicho moja tu, akaanza kukaanga kahawa. Wakaambiwa waketi. Mwalimu Asrat akajibu kwa kiburi chote cha desturi kwamba hawataketi mpaka wapewe walichokijia. Gashe Zeleke akajikohoza, akasema mwenye kuomba hafukuzwi, lakini kwanza aambiwe, kijana mwenyewe ni wa ukoo gani? Mwalimu akasema si kijana. "Basi ni mzee?" Mke akaachia kikaango. Hapo Obbo Gemechu akashindwa kuvumilia, akaropoka, "Jamani, tumekuja kuomba ruhusa ya kompyuta!"

Haji anasema kahawa ikaanza kuungua. Halafu kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Meklit: "Afadhali!" Mama yake akamwambia anyamaze, kisha yeye mwenyewe akaangua kicheko, akasema miaka yote anangoja wazee mlangoni, na wanapokuja wanaposa mashine.

Lakini Gashe Zeleke hakucheka. Wazee walidhani amekasirika, wakazidi kusimama. Mwalimu akamweleza habari zako, Emaye. Jinsi ulivyoketi mlangoni, chungu ulivyokigawa, kiapo chako. Alipomaliza, Gashe Zeleke alijifunika shuka lake kichwani na kuketi, wao wakiwa wamesimama, akawaambia kwamba angeitoa ruhusa hiyo tangu siku ya kwanza, kama angekuwa nayo.

Hana. Hakuwahi kuwa nayo. Kijana aliyefunga mtambo ule zamani aliondoka kwenda Kanada, na neno la siri la msimamizi mkuu akaondoka nalo. Gashe Zeleke alikuwa amekabidhiwa cheo, ofisi na kiti kinachozunguka, bila ufunguo. Aliona aibu kusema mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili aibu ikakua. Mwishowe ikawa haisemeki. Kila tulichokuwa tukidhani mashine inakifanya yenyewe kule makao makuu, alikuwa akikibonyeza yeye kwa mkono, alfajiri na jioni, kwa matawi yote. Vile vikao visivyokwisha, Emaye, vilikuwa vya mtu mmoja na kitufe chake. Haji Kedir akamuuliza kwa upole lini mara ya mwisho alikwenda kwao Wollo. Akajibu kwamba mama yake alipofariki ilikuwa mwisho wa mwezi, hesabu za wafugaji zilikuwa hazijatolewa, akabonyeza kwanza. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Haji alinisimulia hayo huku mikono yake ikiwa kwenye usukani na lori limesimama. Nilikuwa nimejaa hasira na mtu yule kwa muda mrefu, nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumwambia siku nitakayomshinda. Maneno hayo sikuyaona tena. Nilichoona ni mimi mwenyewe, nimezeeka, kwenye kiti kinachozunguka, na mlango wako umefungwa.

Wazee wetu hawakumwacha hapo. Kesho yake walikwenda naye kwa mkurugenzi, wakasimama tena. Mkurugenzi alipandisha hasira, akasema mtu aliyedanganya ofisi miaka yote afukuzwe leo hii. Mwalimu Asrat akasema hawataketi. Mkurugenzi akafoka, "Nyie wazee wa Asella hamna viti kwenu?" Haji Kedir akamjibu kwamba viti wanavyo, wasichonacho ni mtu mwingine aliyeamka kila alfajiri miaka yote bila kukosa hata siku moja, na kama ofisi inaye, basi imfukuze huyu. Mkurugenzi akavuta karatasi. Akamkata Gashe Zeleke mshahara wa mwezi mmoja, akawaita waliouza mtambo, na kabla ya chakula cha mchana ufunguo ulikuwa umepatikana. Asubuhi moja tu, Emaye! Aibu ndiyo iliyokuwa imelifunga lile ghala.

Siku hiyo hiyo Gashe Zeleke alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Akasema, "Binti yangu, ruhusa yako hiyo. Jaribu." Nikajaribu, mashine ikasema tena sina mamlaka ya kutosha. Nilimsikia upande wa pili akivuta pumzi. Nikamwambia atulie, nimeshajua. Alikuwa ametoa ruhusa kwa kundi letu zima la Asella, na mimi nikiwemo. Lakini kazi inayokwenda bila mtu haitambui kundi, inataka jina la mtu. Hata baraka za wazee ukizimwaga uwanjani bila kutaja jina hazimfiki mtu. Akaandika jina langu, Zenebech, na ruhusa ya kuratibu kazi zangu mwenyewe tu, basi. Mashine ikakubali. Nilipiga kigelegele ofisini, Weizero Yeshimebet akadhani nimechumbiwa kweli.

Nikaandika ratiba: kazi iamke kila siku saa kumi na moja, kabla malori hayajatoka. Usiku huo nikalala kama mtoto. Alfajiri nikabaki kitandani kwa makusudi, nimevuta blanketi, nangoja honi ya Haji Kedir anayopiga akitoka na mpango mkononi. Kimya. Kukapambazuka zaidi, kimya. Nikatoka mbio na gauni la kulalia, shali mgongoni, mbwa wote wa mtaa nyuma yangu, nikabonyeza kwa mkono. Nikafungua ratiba kuitazama, na nikajipiga paji la uso. Nilikuwa nimeandika kumi na moja kama tunavyohesabu sisi tangu kuumbwa kwa ulimwengu, siku ikianza jua likichomoza. Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, kama wageni walioiunda. Kumi na moja yake ni saa tano yetu ya asubuhi! Miaka yote nilikuwa naibonyeza, sikuwahi kuiambia saa. Na kweli, saa tano tukiwa kikaoni, kazi yangu ikaamka kwa utiifu wote ikataka kuwapa madereva mpango wa pili. Nikaizima kabla Bekoji hawajaonewa tena. Obbo Gemechu alifurahi siku nzima. Akasema sasa tuko sawa, yeye na mimi.

Nikaisahihisha. Alfajiri iliyofuata nilikuwa kitandani, na honi ikalia. Nikalia nayo. Iliyofuata ikalia tena. Tangu hapo sijabonyeza.

Lakini Fasika si siku ya kawaida, wewe unajua, na hofu ilinirudia. Nikampigia Gashe Zeleke nikimuuliza kama angeweza kuwa macho alfajiri hiyo, aitazame kazi yangu. Akasema hapana. Anakwenda Wollo kuketi kwenye kaburi la mama yake, na simu ataizima. Akaniambia, "Na wewe usiniulize tena. Mimi sikuwa na mtu wa kunifukuza ofisini. Wewe nakufukuza." Basi hakuna atakayeketi mbele ya kitufe. Nilipomwambia Haji Kedir, ambaye Fasika humkuta kazini kila mwaka ili sisi Wakristo tule, alitikisa mkono tu. Akasema mpango ukija atashukuru, usipokuja njia anaijua, na kina mama wote anawajua kwa ng'ombe zao. "Nenda bwana," akasema, "unatuchelewesha."

Nimebakiza neno moja, nililolificha tangu mstari wa kwanza. Barua hii sikumpa dereva wa basi, na Merigeta hajaiona. Naimaliza leo, naikunja, naitia kifuani, na kesho napanda nayo basi la Menz. Ukisikia mahali sauti ya msomaji imekatika, usimlaumu. Ni mimi, Emaye.

Utauliza kwa nini niandike ilhali nakuja mwenyewe. Kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo utanilisha tonge kabla sijafika kwenye habari za Adama. Na kwa sababu barua zangu zote unazitunza kwenye kapu la juu, nami nimetaka na hii iwemo, ukae nayo siku nitakapokuwa nimerudi kazini.

Haya nimeyaandika Jumatano, ila unapoyasikia tumetoka kanisani, na jogoo wako amewika. Kule Asella kazi yangu imeamka, au haikuamka. Sijui. Mtandao uko juu ya kilima nyuma ya kanisa la Mikaeli, na wewe wanijua, zamani ningekuwa nimeshapanda na viatu mkononi. Leo sipandi. Nimeiandika vizuri, ina jina langu, na saa yake nimeihesabu mara tatu.

Salamu za wote nitawapa mwenyewe wakija. Nimeketi kwenye kigoda cha baba, kiapo chako kimetimia, na kuku anapoa. Weka barua kapuni, mama, unawe mikono. Tule.

Ni mimi mwanao, niliye mbele yako,
Zenebech